Mdogo wangu, hilo gari la Cat S usililipie bado

Mdogo wangu,

Salamu za shangazi zimefika. Tangazo ulilonitumia, ukiuliza kama ulinunue gari hilo, nimeliona pia: Toyota Auris ya kijivu, bei iko chini mno ukilinganisha na wenzake, na mwishoni kabisa, kwa herufi ndogo, "Cat S", yaani kundi S la magari ambayo bima iliyafuta kwa kuyahesabu hasara kamili. Nakujibu hadharani kwa sababu tangu watu wetu waanze kuja Uingereza kuhudumia wazee majumbani, kazi ambayo bila gari huiwezi, swali lako linarudi kila mara kwenye magrupu yetu.

Najua unavyowaza. Sisi tumekulia mahali ambapo gari halifi. Likigongwa linapelekwa kwa mafundi wa Gerezani, kule Dar es Salaam, fundi bodi analinyoosha, linapigwa rangi, kesho yake limepakia watu. Ukisikia kampuni ya bima imelitupa gari lenye mlango uliobonyea, unaona wamechezea riziki. Na mara nyingine ni kweli. Huku ufundi ni ghali, kwa hiyo gari la zamani linaweza kuhesabiwa hasara kamili kwa ajili ya mlango na bampa tu, maana kulitengeneza kunakaribia thamani yake.

Ila herufi hizo si pambo. Tangu Oktoba 2017 bima za huku hupanga magari hayo katika makundi manne. A husagwa lote. B hutolewa vipuri, kisha bodi husagwa. Hayo mawili hayarudi barabarani. N ni gari ambalo fremu yake haikuumia. S, hilo lako, ni lile lililoumia fremu au nguzo za bodi. Ukikuta C au D ujue lilifutwa kabla ya mpangilio huu.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanaamini kwamba gari kama hilo likirudi barabarani, kuna ofisi ya serikali iliyokagua kazi ya fundi. Hakuna. Zamani palikuwa na ukaguzi mmoja wa lazima, na hata huo ulithibitisha tu kwamba gari ni lilelile, si la wizi lililobandikwa namba za jingine. Ukafutwa Oktoba 2015.

Muuzaji atakupungia MOT mpya. MOT ni kipimo cha kila mwaka cha breki, taa, matairi, kutu, moshi na kadhalika, na anayekagua hafungui kitu kutazama ndani. Mifuko ya hewa ikifumuka kwenye ajali, fundi asiye na haya anaweza kuona mipya ni ghali, akafunika pale palipo patupu na kuchomeka kirizista, kipande kidogo cha umeme cha bei ya peremende, ili kompyuta ya gari idhani mfuko upo. Taa ya dashibodi inawaka na kuzimika kama kawaida. Mkaguzi anaangalia taa.

Chuma nacho si kile tulichozoea. Magari mengi ya siku hizi yana nguzo za chuma kilichopikwa kiwe kigumu sana. Ukikipasha moto ukakinyoosha, ugumu unapungua, na macho hayaoni. Sehemu ya mbele imeundwa ijikunje kwa utaratibu ili nguvu ya mgongano isikufikie wewe. Ikichomelewa ovyo, gari litakwenda vizuri, rangi itang'aa, na hutajua lolote mpaka ligongwe tena. Fundi wa Gerezani namheshimu sana, lakini Land Cruiser ya zamani yenye chasisi iliyotengana na bodi ni habari nyingine kabisa.

Bima je? Kampuni nyingine zitakukataa, nyingine zitakupandishia bei, na ukiulizwa ukaficha wanaweza kugoma kukulipa. Likifutwa tena, utalipwa kwa thamani ya gari lenye historia hiyo. (Na wewe unayezunguka nyumba kwa nyumba za wagonjwa, bima ya kwenda na kurudi kazini haikutoshi, unahitaji ile ya matumizi ya biashara. Uliza kabla hujaanza.)

Usije ukakimbilia N ukidhani ni salama moja kwa moja. Breki, usukani au umeme vinaweza kuwa ndivyo vilivyoharibika, na gari lililozama majini linaweza kupewa N pia. S huandikwa kwenye kadi ya gari, ile V5C. N usitegemee kuiona humo. Lipia ukaguzi wa historia.

Hata hivyo sisemi kila gari la namna hii ni jeneza. N yenye picha za kabla ya matengenezo, zikionyesha ubavu uliokwaruzwa tu, ningeiendesha mimi mwenyewe bila wasiwasi. Hilo la S, mwambie muuzaji akutumie picha za lilivyokuwa baada ya ajali, na risiti za mifuko ya hewa na mikanda. Akisema zimepotea, achana naye. Tafuta pia namba ya usajili mtandaoni. Picha za mnada ambako bima huuza magari kama hayo mara nyingi hubaki huko. Akizileta zote, bado umlipe mhandisi asiyemjua muuzaji alikague, na gharama hiyo uihesabu kwenye bei.

Jumamosi natoka kazini saa nane. Kama picha zitakuwa zimefika, tutakwenda kuliona wote. Amana usitoe hata senti.

Kaka yako