Jumamosi tunaanza kuvua bwawani

Habari za jioni kina dada na kina mama. Jumamosi tunaenda bwawani, si mtoni, kwa sababu mito ya huku Uingereza hufungwa kwa uvuvi huu kuanzia 15 Machi hadi 15 Juni. Nunueni leseni ya fimbo mapema kwenye tovuti ya serikali. Ya siku 1 inatosha, na watoto chini ya miaka 13 hawahitaji.

Fimbo zipo. Kwa anayeanza napenda ile ya mita 4 isiyo na gurudumu: boya likizama, unainua taratibu. Chambo ni mahindi ya kopo, punje 1 kwenye ndoano ndogo isiyo na kijino, kwa hiyo asiyetaka kushika mabuu asihofu. Lowesheni mikono kabla ya kumshika samaki, maana mkono mkavu humtoa ute unaomkinga. Kisha anarudishwa majini. Najua wengine mngependa kumpeleka jikoni, lakini ndiyo kanuni ya bwawa lile.

Choo kipo karibu na maegesho, hilo niliulizia kwanza. Anayevaa dera alifunge kiunoni, ukingo una utelezi. Hakuna atakayekaa peke yake. Nani anahitaji lifti?