Siku saba zinazowanyima waigizaji wetu uteuzi

Ndugu Mhariri,

Filamu iliyopigwa Momella, chini ya Mlima Meru, iliwahi kuteuliwa kuwania Oscar. Ni Hatari! ya Howard Hawks, ya mwaka 1962, ile ambayo John Wayne na wenzake wanakimbiza faru kwa gari. Jina la Kiswahili, vumbi letu, wanyama wetu. Uteuzi ulikuwa mmoja tu, wa upigaji picha za rangi, na jina lililoandikwa lilikuwa la Russell Harlan. Mwaka 2006 ikaja zamu ya Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, iliyopigwa Mwanza, ikateuliwa upande wa filamu za makala. Mara zote mbili nchi ilikuwa yetu na majina yalikuwa ya wageni.

Kila Januari kurasa za burudani hujaa orodha ya wateule wa Hollywood na magauni yao, halafu linafuata swali la kila mwaka: mbona sisi hatumo? Jibu la haraka la vijiweni ni kwamba Bongo Movie haina waigizaji. Hilo tunalikataa. Waigizaji wapo, na kazi zao zipo. Kinachokosekana ni faili, yaani nyaraka za kuonyesha kwamba filamu imetimiza masharti ya kupelekwa.

Tuanze na kazi zenyewe, maana ndizo zinazosahaulika. Katika Maangamizi, ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, Amandina Lihamba anacheza Samehe, mgonjwa wa hospitali ya akili ambaye amefunga kinywa. Kumcheza bubu wa kuzaliwa ni kazi moja. Kumcheza mtu anayeweza kusema na hataki ni kazi nyingine, kwa sababu mtazamaji anapaswa kuliona neno likipanda hadi kooni na kurudi. Lihamba anaifanya kwa shingo na mikono, bila kulia ovyo. Filamu hiyo ndiyo ya kwanza kupelekwa na Tanzania kwenye Oscar, mwaka 2001. Ilipita miaka 21 hadi tulipopeleka ya pili, Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi. Humo Ikhlas Gafur Vora anamcheza Yasmin, na Gudrun Columbus Mwanyika anamcheza Denge. Hakuna aliyefika kwenye orodha ya wateule.

Katikati ya miaka hiyo 21 ikapita White Shadow ya Noaz Deshe. Kijana Hamisi Bazili anacheza Alias, mtoto mwenye ualbino anayepelekwa mjini kwa mjomba baada ya baba yake kuuawa, na mjomba huyo ni James Gayo, yuleyule mchoraji wa vibonzo vya Kingo. Mwaka 2013 filamu ilitwaa tuzo ya filamu bora ya kwanza kwenye tamasha la Venice, na tuzo hiyo ni ya mwongozaji na mtayarishaji. Bazili, ambaye uso wake ndio filamu nzima, mashabiki wangapi hapa kwetu wanamjua kwa jina? Mwaka huo Tanzania haikupeleka filamu yoyote Oscar.

Ushahidi kwamba ukipeleka unasikilizwa upo. Machi 2016, kwenye tuzo za Africa Magic kule Lagos, Single Mtambalike, yaani Richie, alishinda kipengele cha lugha ya Kiswahili kwa Kitendawili, na Elizabeth Michael, yaani Lulu, akarudi na tuzo ya filamu bora ya Afrika Mashariki kwa Mapenzi ya Mungu. Filamu hizo hazikuwa na bajeti ya Hollywood. Zilikuwa zimepelekwa.

Sasa hizo siku saba. Kipengele cha filamu ya kimataifa kwenye Oscar kinataka filamu izidi dakika 40, iwe imetengenezwa nje ya Marekani, zaidi ya nusu ya maneno yake yasiwe Kiingereza, na iwe imeonyeshwa siku saba mfululizo kwenye ukumbi wa sinema wa kibiashara ndani ya kipindi kilichopangwa. Kwa tuzo za Machi 2026, kipindi hicho kilianza 1 Oktoba 2024 na kuisha 30 Septemba 2025. Kila nchi hupeleka filamu moja, inayochaguliwa na kamati ya wenye fani iliyokubaliwa na waandaaji. Zinachujwa kubaki 15, kisha 5. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Huku kucheza ukumbini ni sharti la kwanza kabisa.

Hapa ndipo wengi wetu tunapojifungia mlango. Mtayarishaji akimaliza kuhariri, madeni yanamkaba, anauza filamu kwenye chaneli ya king'amuzi. Wiki mbili baadaye imeonekana sebuleni, na filamu iliyoanza kwenye televisheni au mtandaoni kabla ya ukumbi haipokelewi. Mwingine anaipandisha YouTube yote ili "watu waione kwanza", kisha anaanza kuandikia matamasha makubwa, ambayo mengi yanataka filamu isiyoonekana popote. Mpangilio unaofaa ni tamasha, ukumbi, king'amuzi, halafu YouTube. Wenye chaneli wengi hawana ubishi na hilo likiandikwa mapema: weka kifungu kwenye mkataba kwamba televisheni itaanza, tuseme, miezi mitatu baada ya siku ya kwanza ya ukumbini. Tatizo ni kuomba kifungu hicho baada ya kusaini.

Ukumbi wenyewe si lazima uwe Dar es Salaam. Ukumbi wa kibiashara wa Arusha unaouza tiketi unatosha. Visivyohesabika ni onyesho la waalikwa hotelini, ukumbi wa kanisa, au siku nne za wiki hii na tatu za wiki ijayo. Mfululizo maana yake mfululizo. Tunza ratiba ya ukumbi, vipande vya tiketi, hesabu ya mauzo iliyogongwa muhuri, bango, na tangazo la gazeti lenye tarehe. Masharti yanataka filamu itangazwe kama filamu nyingine yoyote inayouzwa, kwa hiyo, Mhariri, kitangazo kidogo kwenye gazeti lako ni kielelezo.

Wakenya wameshaonja uzito wa siku hizo. Mwaka 2018 filamu yao ya Rafiki ilikuwa imefungiwa; mahakama ikaifungulia kwa siku saba mwezi Septemba, ili iwahi tarehe ya mwisho. (Mjadala wa maudhui yake tuuache ulipo.) Kamati ya Kenya hatimaye ilipeleka Supa Modo, na mwaka uliofuata Samantha Mugatsia wa Rafiki akachukua tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwenye FESPACO, tamasha la filamu za Afrika la Ouagadougou, Burkina Faso.

Lugha nayo inaangusha. Nigeria ilipeleka Lionheart mwaka 2019, ikaondolewa kwa sababu mazungumzo ya Kiigbo hayakufika hata dakika 12. Kilichobaki kilikuwa Kiingereza. Anayeandika filamu ya familia ya Moshi ambayo watoto wamesoma nje na wanarudi Krismasi, ashike saa na kuhesabu. Kichagga kinakubalika sawasawa na Kiswahili, kwa hiyo bibi akimsema mjukuu kwa lugha ya nyumbani anakusaidia mara mbili.

Jambo ambalo halisemwi: kuingia kipengele cha filamu ya kimataifa hakumwingizi mwigizaji kwenye vipengele vya uigizaji. Ili aingie huko, filamu inapaswa ionyeshwe pia siku saba kwenye ukumbi wa biashara katika moja ya maeneo sita ya Marekani: Los Angeles, New York, eneo la San Francisco, Chicago, Dallas au Atlanta. Hilo lina gharama, lakini lina mfano. Yalitza Aparicio, aliyesomea ualimu huko Oaxaca, Mexico, na hakuwahi kuigiza, aliteuliwa mwaka 2019 kuwania Oscar ya mwigizaji bora wa kike kwa filamu ya Roma, akizungumza Kihispania na Kimixteki. Asiye na fedha ya Marekani aelekeze nguvu ZIFF (tamasha la filamu la Zanzibar), FESPACO na Lagos, ambako kuna tuzo za waigizaji.

Huko nako tunakosea kipengele. Kila jina kwenye bango linapelekwa kama stelingi. Chukua filamu yako ya dakika 100, hesabu dakika ambazo mwigizaji anaonekana. Akiwa na dakika 15 na hadithi inaweza kusimuliwa bila safari yake, huyo ni mwigizaji msaidizi, na kumwingiza kwenye kipengele kikuu ni kumtupa. Ufupi si aibu. Beatrice Straight alipata Oscar kwa kuonekana kama dakika tano tu katika Network ya mwaka 1976. Na nani asiyemjua yule mama wa kwenye filamu zetu anayetokea msibani sini mbili, anakaa mkekani, anafunga kanga upya, na ukumbi mzima unanyamaza? Mara nyingi jina lake halimo hata kwenye orodha ya mwisho. Pengine limo, limekosewa.

Halafu tafsiri ya chini ya picha. Jaji wa nje anausikia uigizaji wetu kupitia maandishi hayo, na ndiyo tunayompa kijana ayafanye usiku mmoja. Mfano ni "Pole". Jirani anaingia msibani, anamshika mfiwa mkono, anasema "Poleni sana". Tafsiri inaandika neno la Kiingereza la kuomba radhi. Mzungu anayetazama anaanza kumshuku jirani: kumbe yeye ndiye aliyeua? Mwigizaji amecheza huruma, karatasi imeandika hatia. "Shikamoo" ikifanywa salamu ya kawaida, sini ambayo kijana anakataa kumwamkia baba wa kambo inakufa kabisa, kwa kuwa mtazamaji haoni kilichokataliwa. Bora kuandika kitendo: "Hukuniamkia."

Kwa vipimo, mistari isizidi miwili, kila mmoja usizidi herufi 40 hivi, usikae chini ya sekunde moja wala kupita sekunde saba. Filamu ya dakika 90 yenye maneno mengi inaweza kufika mistari 1,000, na kila mmoja unahitaji muda wa kuingia na wa kutoka. Kagua kasi ya picha kabla ya kuanza. Kamera nyingi hapa zimepangwa picha 25 kwa sekunde. Ukumbi ukipewa nakala ya 24, picha zilezile za dakika 90 zinachukua dakika 93 na sekunde 45. Maandishi yaliyopangwa kwa 25 yatatangulia kidogo kidogo, na kufika mwisho yatakuwa yameshamaliza hadithi karibu dakika nne kabla ya midomo. Nakala ya ukumbini inaweza kutengenezwa kwa programu ya bure, DCP-o-matic, lakini ijaribiwe kwenye mashine ya ukumbi siku mbili kabla. Kuna diski inayofunguka vizuri kwenye kompyuta na mashine ya ukumbi isiione.

Sauti ndiyo inayotuua kuliko vyote. Kipaza sauti cha juu ya kamera, kamera ikiwa mita tatu, kinachukua jenereta, bodaboda na mwangwi wa ukuta, na pumzi ya mwigizaji hakuna. Fundi analazimika kurudia sauti studio, na mwigizaji aliyelia kweli Jumanne anasoma kilio chake Ijumaa mbele ya kioo. Hakuna jaji atakayempa alama. Kipaza sauti cha mti kisimame kama nusu mita juu ya kichwa. Cha kifuani kishonwe kwenye blauzi, mbali na kanga, kwa maana kanga ikisuguana nacho inalia kama karatasi. Kila eneo rekodi sekunde 30 za ukimya wa mahali hapo, utahitaji kuziba nyufa. Na masika ya Moshi usipige sini ya kunong'ona chini ya bati.

Mwisho ni picha za mnato, zipigwe wakati wa kazi. Picha iliyokatwa kutoka kwenye video hutoka na ukungu, na hakuna gazeti litakaloiweka ukurasa wa mbele.

Mfano wa karibu wa filamu inayostahili kusukumwa ni The Empty Grave ya Agnes Lisa Wegner na Cece Mlay, iliyoonyeshwa Berlin mwaka 2024. Familia ya Kaaya ya hapa Meru inatafuta mabaki ya Mangi Lobulu, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1900. Ni ya makala, haina waigizaji, ila watu wangapi wa Usa River wameiona?

Ombi letu kwako, Mhariri, ni dogo. Januari ijayo, ukichapisha wateule wa Hollywood, weka pembeni yao orodha ya filamu za Kiswahili zilizokaa ukumbini siku saba tangu Oktoba, na majina ya waigizaji wote, hadi mama wa msibani. Tutakuletea majina hayo yakiwa yameandikwa sawasawa.

Wadau wa filamu,
Arusha na Moshi