Fidla za Mfalme Charles kanisani

Mhariri,

Msomaji mwenzangu ameandika kwamba magitaa yametuharibia ibada, na kwamba Waingereza waliotuletea Uanglikana waliimba kwa kinanda tu. Mimi nafundisha kwaya ya watoto, huu mwaka wa 22. Aniwie radhi nikimsahihisha.

Hivyo vinanda vyenyewe Bunge la Uingereza liliamuru viondolewe makanisani mwaka 1644. Kwaya zikatawanyika. Mfalme Charles wa Pili aliporudi kutoka uhamishoni mwaka 1660, watoto wa kuimba hakuwakuta. Mtunzi Matthew Locke alisimulia kuwa kwa zaidi ya mwaka mzima, katika kanisa la mfalme, sauti ya kwanza ilishikwa na ala za kupuliza na wanaume waliobana koo, maana hapakuwa na mtoto hata mmoja aliyeiweza sawasawa. Nilicheka peke yangu. Pasaka ya mwaka juzi watoto waliugua surua, nikaimba soprano mimi na mabesi wawili, waumini walituvumilia.

Aliyeokoa jahazi ni Henry Cooke, askari wa zamani, ndiyo maana walimwita Kapteni. Alikusanya watoto wenye sauti, hata kutoka makanisa makuu ya mikoani, akawanoa mwenyewe. Mikononi mwake walipita Pelham Humfrey, John Blow, na Henry Purcell aliyekuwa mdogo kwao kwa umri, wote wakaja kuwa watunzi. Humfrey na Blow walianza kutunga wangali watoto wa kwaya!

Sasa hizo fidla. Mfalme alizionja Ufaransa, akaunda kundi la wapigaji 24, akawaingiza kanisani. Desemba 1662 Mwingereza mmoja, John Evelyn, alinung'unika katika shajara yake kwamba muziki ule ulifaa kilabu cha pombe au ukumbi wa maigizo kuliko kanisa. Yule msomaji wa magitaa ana ndugu yake pale. Mfalme hakusikiliza, Humfrey akapelekwa Ufaransa kijana, akarudi mwaka 1667 na mitindo ya huko. Alifariki mwaka 1674, hajafika miaka 30.

Blow ndiye huniliza. Mwaka 1679 alimwachia Purcell kiti cha mpiga kinanda katika kanisa la Westminster Abbey, London. Purcell akafa mwaka 1695, na mzee akarudi kukikalia kiti kile kile.

Msomaji mwenzangu namkaribisha mazoezini Jumamosi saa nane. Gitaa tulilo nalo, kwa sasa, lina nyuzi nne.

Mwalimu wa kwaya,
Muheza, Tanga