Zuleikha, kuhusu ule ujumbe wako wa Ramadhani

Jang'ombe, Jumapili usiku

Shoga yangu Zuleikha,

Assalaam aleykum. Sisi hatujambo, mama anakusalimu, mguu wa Bi Mkubwa bado vilevile, Mwanahawa kajifungua mtoto wa kike na jina lingali linagombaniwa na pande zote mbili. Haya, salamu zimekwisha.

Najua umenuna. Ningekuwa mimi ningenuna zaidi. Umeniandikia kumi la mwanzo la Ramadhani, nikausoma ujumbe, ukaona mwenyewe kwamba nimeusoma, halafu kimya mpaka tumeshakula Idi zote mbili. Ninao hapa, sijaufuta: "Nimemaliza ile tamthilia ya wakili wa Kikorea, nimelia, nimemkumbuka Sele. Usikate tamaa shoga, huwezi kujua, Sele naye atakuja kuwa wakili." Ukamalizia na nyangumi watatu wadogo, maana wakili Woo wa hiyo Extraordinary Attorney Woo, mwenye hali ileile ya Sele wangu, anawapenda nyangumi kupita kiasi.

Niliiweka simu juu ya friji nikaenda kukaanga bajia. Nilizikaanga kwa hasira mpaka Baba Sele akauliza mbona leo nyeusi.

Sikukasirikia wewe. Yaani nilikukasirikia, lakini ulikuwa wa tatu kwenye foleni na wenzako wawili wa mbele hawakupata jibu, kwa hiyo lako likaja limeshiba. Subiri nikueleze.

Wa kwanza Mjomba Kassim. Unamjua na muvi zake za kale. Sele alikuwa na miaka mitano, na tulikuwa tumerudi siku hiyohiyo na jibu kwamba ni usonji, autism wanavyoiita, hali ya kuzaliwa nayo inayogusa mtu anavyoongea na kuhusiana na wenzake. Hiyo ni baada ya miaka miwili ya kunyweshwa kombe la aya za Kurani, ya kuambiwa atasema tu, babake naye alichelewa, na baada ya hospitali moja, sitaitaja, iliyonishauri nimpunguzie katuni. Mjomba akaja na kiberiti. Akakaa mkekani, akamwaga njiti zote mbele ya mtoto, akamkodolea macho kama mtu anayengoja namba za bahati nasibu. "Ngapi?"

Kumbe aliwahi kuiona Rain Man, ile filamu ya Dustin Hoffman ya mwaka 1988. Humo kuna bwana mwenye usonji ambaye vijiti vya kuchokolea meno vikimwagika chini, anatupa jicho tu na kutaja idadi, 246. Basi Mjomba naye alikuja kupima.

Sele akaziokota njiti moja moja, akazipanga kwenye ukingo wa mkeka, vichwa vyote vimeelekea upande mmoja, mstari umenyooka kama umepigwa rula. Kazi hiyo ilikwenda mpaka adhana ya magharibi. Mjomba akauliza tena, "Haya, ngapi?" Sele akanyanyuka akaenda zake chooni.

Wallahi Mjomba alihuzunika kama mtu aliyeuziwa redio mbovu. Mimi baadaye nikaja kusoma kwamba Mmarekani aliyempa mwandishi wazo la filamu ile, Kim Peek, aliyekuwa akikariri vitabu kwa maelfu, wala hakuwa na usonji. Nilicheka peke yangu jikoni. Watoto wetu wanapimwa kwa kibaba cha mtu ambaye hata hakuwa mwenzao!

Halafu ikaja ile ya daktari mwenye usonji, The Good Doctor, ambayo Wakorea ndio waliianzisha mwaka 2013 kabla Wamarekani hawajaichukua. Misimu saba, 2017 hadi 2024. Sitasema uongo, mwanzoni niliipenda. Lakini unakumbuka mwaka 2023, kile kipande kilichozagaa kwenye simu? Daktari anaondolewa kwenye upasuaji, anahamishiwa kitengo kingine, na yeye anarudia kwa kelele kwamba ni daktari wa upasuaji, tena na tena, amebanwa, hana neno jingine lililobaki kinywani. Dunia nzima ilikicheka. Vijana wa maskani hapa chini wakawa wanaigiza, Sele akipita mmoja anapinda mikono, "Mimi daktari!" Hawana ubaya naye, haohao ndio wanaomnunulia ubuyu. Lakini nilikaa nikafikiri: daktari yule anapookoa mgonjwa kwa picha zinazoelea kichwani mwake, watu wanalia. Anapokwama neno na kupiga kelele, wanacheka. Na Sele picha zinazoelea hana, Zuleikha. Anachojua kufanana na yule daktari ni pale pa kuchekwa tu.

Wa pili ni Bi Asha wa mlango wa pili. Yeye tamthilia ya wakili hakuitazama kama wewe na maandishi chini. Mwanawe alimwekea kwenye fleshi kutoka kibanda cha muvi, ile iliyotafsiriwa na DJ. Nilikwenda kuazima kinu nikakaa kidogo. Yule wakili anaingia ofisini, anahesabu tatu kwa vidole kabla ya kuvuka mlango, na DJ anapiga maneno juu: "Huyu dada zezeta lakini kichwa chake moto!" Sehemu nzima sikusikia neno usonji hata mara moja. Mara zezeta, mara ana wazimu kidogo, mara kapagawa na masamaki. Sauti yake tamu, anachekesha, hilo simnyimi. Bi Asha anapangusa machozi kwa upande wa kanga, ananigeukia: "Maskini. Na Sele wetu, yeye anajua nini?"

Yeye anajua nini. Nilisahau hata kinu.

Halafu wiki moja baadaye ukaja ujumbe wako.

Sasa nikuungamie. Baada ya Idi Ndogo nilinunua bando nikaitazama yote, sehemu 16, usiku wakishalala. Na ni nzuri, mwenzangu. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi, maana nilikuwa nimejipanga kuichukia. Yule Park Eun-bin, ambaye mwenyewe hana usonji, inasemekana alisitasita karibu mwaka mzima kabla ya kukubali, na unaona kabisa kwamba alikuwa akiogopa kuigeza watu. Lile la chakula lilinimaliza. Anakula gimbap peke yake kwa sababu kila kilichomo ndani kinaonekana, hakuna cha kumshtua ulimini. Mwani, Zuleikha, wali uliofungwa ndani ya mwani! (Si huu wetu wa Paje, usije ukajaribu.) Unajua Sele anavyokula: wali mweupe mtupu, na mchuzi lazima uwe kwenye bakuli la mbali ambalo hataligusa, lakini likikosekana hali. Miaka minne nasutwa na wifi zangu kwamba nimemdekeza. Nilimwita Baba Sele saa saba ya usiku aje aone. Akaona, akasema, "Afadhali huyu anakula samaki," akarudi kulala.

Lakini wewe hiyo sehemu ya tatu uliitazama? Nakuuliza kweli, maana hukuitaja. Kijana wa miaka 21, naye ana usonji, si wa kuchezea sheria, ni wa maneno machache na kupiga makelele na kumpenda mwanasesere wa kwenye televisheni. Anatuhumiwa kumuua kaka yake, mwanafunzi wa udaktari. Bosi anampa Woo kesi kwa hoja kwamba na yeye ni "mwenzake", kama kwamba wote wamezaliwa tumbo moja. Na mama wa yule kijana yumo humo chumbani, anamtazama wakili. Nilisimamisha hapo. Nikarudisha. Nikasimamisha tena. Uso ule ninao mimi. Ni ule ninaouvaa Bi Asha anapolia kwa ajili ya tamthilia kisha anageuka kumtazama Sele kama anayesoma bei.

Na humohumo Woo anaeleza kwamba kuna watu wameandika mtandaoni ni hasara kwa taifa daktari mtarajiwa kufa na mwenye usonji kubaki, na mamia wakabonyeza kupenda. Anasema huo ndio uzito wanaoubeba. Anamtaja mpaka daktari Hans Asperger wa Vienna enzi za Wanazi, waliokuwa wakichambua nani anastahili kuishi. Kwa hiyo aliyeandika tamthilia aliijua hesabu ile. Aliiona. Akaiweka palepale, katika sehemu ya tatu, na wakili kufika mwisho wake anaacha kazi. Halafu sehemu ya nne anarudi, mambo yanakuwa matamu, anapata mchumba, nyangumi wanaruka, na watazamaji, mimi nikiwemo, tukamsahau yule kijana kabisa. Hata jina lake ilibidi niende kulitafuta.

Huko kwao nako walizungumza. Ilianza kwa asilimia 0.9 ya watazamaji ikamaliza kwa 17.5, na baadhi ya wazazi wakasema haya haya ninayosema mimi, kwamba ile ni hadithi ya paukwa pakawa, wao nyumbani wana yule wa sehemu ya tatu. Na unaukumbuka ule mti mkubwa wa kijijini, kwenye kesi ya barabara? Ni mti wa kweli, uko Changwon, una kama miaka 500. Watu walifurika kwenda kupiga nao picha na mwaka huohuo wa 2022 serikali ikautangaza kuwa urithi wa kulindwa. Nimefurahi kwa ajili ya mti. Kwa kweli. Ila nilikuwa najiuliza, katika wote waliolia mwaka ule, aliyenufaika moja kwa moja bila ubishi ni mti?

Nimesahau nilikuwa nakwenda wapi. Ndiyo, yeye anajua nini.

Nimejaribu kumjibu Bi Asha kichwani mara nyingi. Mara nasema anajua kupanga. Mara nasema anajua sauti ya pikipiki ya babake kutoka kona ya msikiti, na ni kweli, anakwenda mlangoni kabla sisi hatujasikia chochote. Halafu najishtukia: nami nimeshaanza kuuza! Nimeshatandaza meza sokoni. Mbona Bi Asha hajaulizwa hata siku moja mwanawe anajua nini? Mwanawe, Mungu anisamehe, ana miaka 24 na anajua kulala.

Aliyenipoza roho ni kijisanamu. Kile kipindi cha watoto cha Marekani, Sesame Street, mwaka 2017 walileta msichana mwenye usonji, nywele za rangi ya chungwa, Julia. Anayemchezesha ni mama mwenye mtoto mwenye usonji. Ndege Mkubwa anamsalimu, Julia hajibu, yumo kwenye rangi zake. Ndege anadhani hapendwi. Wenzake wanamwambia hapana, ndivyo alivyo Julia. King'ora kinapita, anaziba masikio, wanampeleka mahali akatulie, kisha wanaendelea kucheza. Basi! Hakuna aliyeokolewa maisha, hakuna aliyeshinda kesi. Nilimwonyesha Mwanahawa, akangoja, akangoja, akasema, "Halafu?"

Wa kukuchekesha ni Sele mwenyewe. Jumamosi moja nilimweka pembeni yangu nimwonyeshe nyangumi, maana nilisema huenda wewe una haki na mimi ndiye mkaidi. Nyangumi akaruka juu ya majumba, muziki, mimi machozi yananilenga. Sele hata hakumtazama. Bando likasuasua, pakatokea kile kiduara chekundu kinachozunguka katikati ya kioo. Mwenzangu, alipiga makofi! Alilala kifudifudi pua inagusa simu, anakitazama kinavyozunguka, anacheka kile kicheko chake cha ndani ndani. Tamthilia iliporudi akalia. Sasa nikitaka atulie nazima intaneti makusudi. Bi Asha alimkuta hivyo akasema, "Labda kipaji chake kompyuta."

Nilimtazama tu.

Lakini kuna jambo moja aliliona kwa yule wakili, na ndilo linalonifanya nishike kalamu, tusidanganyane. Zile hedifoni. Njiani kwenda kazini Woo anavaa makubwa ya kuziba masikio. Sele aliweka kidole juu ya kioo, kisha akaweka viganja masikioni mwake, kisha akanitazama. Mimi, machoni. Sekunde mbili labda. Tangu hapo kila tukipita palipo na jenereta ananivuta buibui anaonyesha masikio. Nimezunguka Darajani kote, wana za muziki tu, za kupiga kelele zaidi. Naitaka ile ya kuzuia sauti, kama wanazovaa mafundi wa viwandani, ila ya mtoto. Baba Sele anasema huko kwenu Muscat zipo. Bei yoyote niambie, nitampa mama yako huku fedha mkononi.

Sasa nijibu. Umeninunia bado au imekwisha? Ulilia wapi hasa, kwenye sehemu gani? Usiniambie sehemu zote, nakujua, kuna mahali. Yule kijana wa tatu ulimkumbuka mpaka mwisho, au na wewe alikuponyoka? Salim kafaulu ule mtihani wa leseni au ndiyo bado anaendeshwa na mkewe? Khadija ni kweli anarudi, au ni maneno ya Mwanahawa? Na pale Ruwi, lile duka la Mhindi uliloninunulia ile blenda lingalipo? Hedifoni rangi yoyote isipokuwa nyekundu, nyekundu ataivua. Kichwa chake sentimita 52, nimempima kwa uzi akiwa amelala.

Wako,
Rehema