Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Mtoto mwenye usonji asipewe dawa tupu

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima, nakuandikia nikiwa mama wa mtoto mwenye usonji (autism). Nina ombi moja: mtoto anapoandikiwa risperidoni, dawa ya kutuliza ghadhabu na fujo, mzazi wake naye apangiwe mafunzo.

Sipingi dawa. Mtoto anayejigonga kichwa ukutani anahitaji nafuu, na dawa hii huileta. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2002, watoto 101 walifuatiliwa kwa wiki 8. Asilimia 69 ya waliopewa risperidoni walipata nafuu ya wazi, wakati kwa waliopewa vidonge visivyo na dawa ilikuwa asilimia 12. Kilichopungua hasa ni ghadhabu, kujiumiza na kupiga wengine, na ni kwa ajili hiyo mamlaka ya dawa ya Marekani iliiidhinisha mwaka 2006. Dawa hii haimfundishi mtoto kuongea. Wazazi wengi ninaokutana nao kliniki hawalijui hilo, wanasubiri kidonge kilete maneno. Uzito nao: katika utafiti ule, waliopewa risperidoni waliongezeka wastani wa kilo 2.7, wenzao wa vidonge visivyo na dawa kilo 0.8.

Mwaka 2009 mtandao uleule wa watafiti ulichapisha utafiti mwingine, wa watoto 124 kwa wiki 24. Wengine walipewa dawa tu. Wengine walipewa dawa, na wazazi wao wakafundishwa: kutambua kinachotangulia fujo na anachokipata mtoto kwa kuifanya, kumwandaa kabla ratiba haijabadilika, kumsifu papo hapo anapotii. Hawa walipunguza ukaidi na fujo zaidi, tena wakamaliza kwa dozi ndogo kuliko wenzao. Kwa dawa inayoongeza uzito namna hii, Mheshimiwa, dozi ndogo si jambo dogo.

Shirika la Afya Duniani lina mafunzo ya walezi yenye vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, yaliyotengenezwa ili hata wasio mabingwa waweze kuyatoa. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii tunao, na maofisa ustawi wa jamii tunao. Tuanze na hospitali za rufaa za mikoa, na vikao vifanyike siku ileile ya kliniki, maana nauli ya kurudi tena ndiyo inayotushinda wengi.

Mtoto apimwe uzito kila anapokuja, na tarehe ya kuitathmini upya dawa yake iandikwe kwenye faili.

Naomba mwongozo huo utolewe kwa maandishi kwa Waganga Wakuu wa Mikoa wote.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mama wa mtoto mwenye usonji, Morogoro