Barua ya wazi kwa Waziri wa Ardhi wa Kaunti ya Kisumu: barabara kabla ya ploti

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka mtaa wa Nyalenda hapa Kisumu, ambako nyumba ikishika moto tunakimbia na ndoo, maana vichochoro vyetu havipitishi gari.

Reli ilipofika hapa Desemba 1901, mahali pakiitwa Port Florence, mji ulichorwa kwa ajili ya bandari na maofisa. Mwaka 1913 daktari Mwingereza, W. J. Simpson, alizuru miji yetu akapendekeza Wazungu, Waasia na Waafrika wakae mbalimbali, eti kuzuia magonjwa. Milimani, mtaa wa Wazungu, ikapata hewa na miti. Vibarua wengi wakatafuta pa kulala nje ya mpaka, kwenye mashamba ya wenyeji.

Mpaka ulisogezwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, Nyalenda na Manyatta zikahesabiwa mjini. Lakini wazee walikuwa wanawakatia wana wao mashamba, wana wakajenga vyumba vya kupangisha, na njia ya ng'ombe ndiyo ikawa barabara. Ardhi hii ina wenyewe, na hati wanazo. Kupata mita tisa za barabara leo ni fidia, kubomoa na kesi mahakamani.

Sasa pita Mamboleo au Riat, kando ya mji, jioni moja, bila msafara. Utaona mawe ya soroveya katikati ya mahindi na vibao vya ploti zinazouzwa. Ni Nyalenda inaanza upya, ila safari hii madalali wana simu.

Mkoloni, na ubaguzi wake sina hamu nao, alijua jambo moja: Milimani barabara zilichorwa na viwanja vikapimwa kabla ya nyumba. Akawapa wachache tu.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka kaunti iwe na mpango wa miaka 10 wa matumizi ya ardhi. Nakuomba usiuanze na ile michoro ya maghorofa yanayong'aa. Anza na mashamba ambayo hayajakatwa: tenga humo njia za barabara, mitaro na maji taka, na mgao wowote unaoziba njia hizo usipitishwe. Waite wenye mashamba barazani, muongee Dholuo, kabla mshauri wa Nairobi hajamaliza ripoti yake. Wao ndio wanaojua maji hupita wapi mvua ya Aprili ikimwagika.

Na mzee akiuliza atalipwa nini kwa kipande kitakacholiwa na barabara, tafadhali ajibiwe papo hapo, siku hiyo hiyo.

Wako,
Mkazi wa Nyalenda