Vishikwambi vilifungiwa stoo, si kwa sababu walimu wanaogopa mashine

Mhariri,

Kila mjadala wa teknolojia shuleni unapozuka, lawama hutuangukia walimu: ati tunaogopa mashine. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kilifi, Kenya, na naomba nieleze yaliyotupata sisi.

Mwaka 2013 serikali ya Jubilee iliahidi kila mtoto anayeingia darasa la kwanza kipakatalishi. Usambazaji ulipoanza 2016, watoto waliletewa vishikwambi, na walimu wakapewa vipakatalishi, projekta na ruta. Vifaa zaidi ya milioni moja viligawiwa nchini. Gari lilipoingia uwanjani kwetu, watoto walishangilia hadi masomo yakasimama. Mwalimu mkuu akatia sahihi ya kuvipokea, kisha akaambiwa aweke mlango wa chuma, nondo za dirisha na mlinzi wa usiku.

Sahihi ile ndiyo iliyoua mradi. Kishikwambi kimoja kikipotea, mwalimu mkuu ndiye wa kujibu kwa polisi na kwa afisa wa elimu. Vyote vikikaa mwaka mzima bila kuguswa, hakuna wa kumuuliza. Maafisa waliotutembelea walilinganisha namba za vifaa na daftari, wakaondoka. Hakuna aliyeomba kuona somo likifundishwa. Simlaumu mkuu wangu kwa kuushika ufunguo. Nilipouomba, nilijaza fomu, nikahesabu vifaa vikitoka na kuvihesabu tena vikirudi, na kipindi cha dakika 30 kikaisha watoto wamegusa kioo mara mbili tatu tu.

Mengine yakafuatana. Kati ya walimu wetu wawili waliopata mafunzo, mmoja alistaafu, mwenzake akahamishwa. Januari 2019 mtaala mpya wa umilisi, CBC, ukaanza katika gredi za chini, ilhali masomo yaliyokuwa ndani ya vifaa vyetu yalikuwa ya mtaala wa zamani wa 8-4-4. Betri zilizokaa bila chaji zikavimba. Na mgao wa serikali wa shilingi 1,420 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambao hutufikia kwa kuchelewa, hauwezi kununua betri.

Kinachoniuma ni kwamba Peru ilikuwa imeshapita njia hii. Iligawa mamia ya maelfu ya vipakatalishi, na utafiti uliochapishwa 2012 haukuona watoto wakiimarika katika hesabu wala lugha. Matokeo hayo yalikuwapo kabla hatujanunua kifaa hata kimoja.

Leo tunaambiwa habari za akili unde darasani. Naiomba Wizara, kabla ya zabuni nyingine, ibadilishe fomu anayotia sahihi mwalimu mkuu. Aulizwe ni vipindi vingapi vimefundishwa kwa vifaa hivyo muhula huu. Kifaa kikivunjika mikononi mwa mtoto anayejifunza, kiandikwe kuwa kimechakaa kazini, na mtu asiitwe kujieleza.

Halafu stoo zifunguliwe. Yetu ina vishikwambi tisa ambavyo bado vinawaka, nami navihitaji darasani Jumatatu.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Kaunti ya Kilifi